Seva ya VPN: Nani Anashika Funguo?

Tarehe 7 Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta, bomba la takribani kilomita 8,850 linalobeba karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Wahalifu wa kundi la DarkSide walikuwa wamekwisha kuingia kwenye kompyuta zake. Kampuni ililipa bitcoin 75, zenye thamani ya dola milioni 4.4 hivi wakati huo, ili ifunguliwe mafaili yake. Mwezi uliofuata mkuu wa kampuni, Joseph Blount, aliwaeleza maseneta mlango uliotumika: akaunti ya zamani ya VPN ambayo haikupaswa kuwa hai tena, iliyolindwa kwa nenosiri peke yake, bila hatua ya pili ya uthibitisho.

Usimbaji wa VPN ile haukuguswa. Aliyeingia alikuwa na nenosiri, na seva ikamfungulia kama ilivyoelekezwa.

Watu wa Tehama wanapotaka kusimika seva ya VPN, swali la kwanza huwa ni programu ipi iliyo bora. Ni swali halali, na humu linajibiwa. Tatizo lake ni kwamba likitangulia, hufunika maswali yaliyo mazito zaidi. Hoja yangu ni hii: kazi ya hisabati, yaani kusimba data isisomeke njiani, imekwisha kufanywa vizuri na watu wenye ujuzi mkubwa. Kazi inayobaki mikononi mwetu ni kuamua nani anaaminiwa, aaminiwe mpaka wapi, na mpaka lini. Kila mstari wa faili la usanidi ni jibu la swali hilo, hata pale aliyeuandika hakujua kwamba anajibu.

Kazi ya seva yenyewe

Barua ikitiwa kwenye bahasha, na bahasha hiyo ikatiwa ndani ya bahasha nyingine iliyoandikwa anwani ya seva, tarishi ataisoma ile ya nje tu. Ndivyo VPN inavyofanya kazi. Kompyuta yako husimba pakiti nzima, pamoja na anwani ya inakokwenda, kisha huiweka ndani ya pakiti mpya inayoelekea kwenye seva. Seva huchana bahasha ya nje, hutoa ya ndani na kuipeleka mbele. Njia hiyo kati ya kifaa na seva ndiyo mafundi huiita handaki.

Kutokana na hapo, mtoa huduma wako wa intaneti huona tu kwamba unawasiliana na seva fulani, kwa kiasi fulani cha data, saa fulani. Lakini mwenye seva huona bahasha ya ndani. Ikiwa ndani yake kuna mawasiliano yaliyosimbwa na tovuti yenyewe, hataona maneno, ila ataona unakokwenda. Ikiwa ndani yake kuna mfumo wa zamani usiosimba chochote, ataona kila kitu. Kwa hiyo imani uliyoiondoa kwa kampuni ya simu umeihamishia kwa mwenye seva. Hata anayekodi seva hukodi pamoja na uaminifu wa mwenye jengo. Mwaka 2018 seva moja ya kampuni ya NordVPN iliyokuwa Finland iliingiliwa kupitia mfumo wa usimamizi wa mbali wa kituo cha data ilikokodiwa, na umma ulikuja kuelezwa Oktoba 2019.

Matumizi ya seva hizi yako mawili makubwa. Kuna mtu binafsi anayetaka kuonekana anatumia intaneti kutoka mahali pengine, na kuna taasisi inayotaka ofisi zake zilizotawanyika zifanye kazi kama ziko chini ya paa moja. Nitalifuata zaidi hili la pili, maana ndilo linalogusa fedha na siri za watu wengi. Tuchukue saccos yenye makao makuu Moshi, matawi Rombo na Same, na maafisa mikopo watatu wanaozunguka vijijini na kompyuta mpakato. Mfumo wa hesabu uko kwenye kompyuta moja ya Moshi, na wote wanahitaji kuufikia.

Seva ikae wapi

Jibu linaloonekana la asili ni kuiweka Moshi, ofisini. Hapo ndipo wengi hukwama kabla hawajaanza. Laini nyingi za simu katika Afrika Mashariki hazimpi mteja anwani yake ya IP inayofikika kutoka nje. Kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ruta ya ofisini hupewa anwani ya ndani ya mtandao wa kampuni, mara nyingi kutoka safu ya 100.64.0.0/10 iliyotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Fundi anaweza kusanidi kila kitu sawasawa, na bado pakiti kutoka Rombo zisiifikie seva. Kipimo ni chepesi: tazama anwani ya upande wa nje kwenye ukurasa wa ruta, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kutaja anwani. Zikitofautiana, ofisi inahitaji kuomba anwani ya kudumu kwa mtoa huduma, au seva ikae kwingine.

Kwingine mara nyingi huwa ni seva ya kukodi Ulaya, kwa kuwa ni nafuu na hupatikana kwa dakika chache. Uamuzi huo una gharama ambayo haiandikwi kwenye ankara. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kilimanjaro mpaka Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, sawa na milisekunde 30. Ombi la karani wa Rombo likienda Frankfurt na kurudi Moshi, kisha jibu likafanya safari hiyohiyo, zimepita milisekunde 120 kwa uchache, kabla hatujahesabu mizunguko ya nyaya za baharini. Mfumo wa hesabu unaotuma maombi madogo mia moja, moja baada ya jingine, ili kufungua ukurasa mmoja wa mwanachama, utamweka mwanachama huyo dirishani sekunde 12. Na ofisi mbili zisizofika kilomita 100 kati yake zitategemea nyaya za bahari: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidhoofika vibaya. Siku kama hiyo Rombo na Moshi zingepotezana kwa sababu ya hitilafu iliyotokea baharini.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti kwa taarifa za watu zinazopelekwa nje ya nchi, na Kenya ina sheria ya aina hiyo tangu 2019. Seva ya katikati hufungua kila bahasha kabla ya kuipeleka tawi la pili. Taarifa za mikopo ya wanachama zikipita hapo, lazima bodi iwe inajua, na iwe imekubali kwa maandishi.

Kwa saccos yetu ningeshauri anwani ya kudumu Moshi ikipatikana, na isipopatikana, seva ya kukodi Dar es Salaam au Nairobi. Mahitaji si makubwa. Kwa watumiaji wachache namna hii, mashine yenye RAM ya gigabaiti 1 inatosha.

Itifaki nne, historia moja

Historia ya VPN ni historia ya watu kujifunza kupunguza. PPTP, ambayo Microsoft ilishiriki kuiunda na kuisambaza na Windows, iliandikwa rasmi kama RFC 2637 mwaka 1999. Mwaka mmoja kabla, Bruce Schneier na mwenzake aliyejulikana kama Mudge walikuwa wamekwisha kuonyesha kasoro nzito katika toleo la Microsoft. Mwaka 2012 Moxie Marlinspike alionyesha kwamba uthibitishaji wake unaweza kuvunjwa kwa kazi ileile ya kutafuta ufunguo mmoja wa DES, wenye biti 56 tu. Apple iliiondoa kwenye simu na kompyuta zake mwaka 2016. Bado imo kwenye menyu za ruta nyingi, na bado kuna ofisi zinazoitumia kwa sababu husimikwa haraka. Ofisi yoyote inayoitumia leo inapitisha fedha za watu kwenye njia isiyo na ulinzi wa kutegemewa.

IPsec ilikuwa na nia kubwa zaidi. Viwango vyake vya kwanza vilitoka 1995, na namna ya kisasa ya kubadilishana funguo, IKEv2, ikaja 2005. Ni imara, imo ndani ya Windows, iPhone na kompyuta za Apple bila kusakinisha kitu, na humudu vizuri simu inayohama kutoka Wi-Fi kwenda kwenye data. Ugumu wake ni wingi wa chaguo: pande zote mbili lazima zikubaliane juu ya aina ya usimbaji, ukubwa wa funguo, muda wa kuzibadilisha na jinsi ya kujitambulisha. Kosa dogo huzaa ujumbe wa hitilafu usiomsaidia mtu asiyebobea.

OpenVPN ilianzishwa na James Yonan mwaka 2001. Inaazima ulinzi wa TLS, uleule unaolinda tovuti za benki. Hutumia poti 1194 ya UDP, na inaweza kupita kwenye TCP 443 pale ambapo njia nyingine zimezibwa. Uzuri wake mkubwa kwa taasisi ni vyeti: kila mtumiaji ana cheti chenye tarehe ya mwisho, na kinaweza kufutwa kabla ya tarehe hiyo. Tahadhari ni kutoitumia kwa TCP bila lazima. TCP ya ndani na TCP ya nje zote hujaribu kurudia pakiti iliyopotea, na kwenye laini dhaifu ya kijijini marudio hayo hulimbikizana mpaka mawasiliano yakwame.

WireGuard ya Jason Donenfeld, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 2017 na kuingizwa kwenye keneli ya Linux toleo la 5.6 Machi 2020, ilikata kwa kisu. Mistari yake ya programu ilikuwa kama 4,000, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukisoma chote. Haina orodha ya aina za usimbaji za kuchagua. Imeamua moja kwa kila kazi, ChaCha20 na Poly1305 kwa data, Curve25519 kwa kubadilishana funguo. Asiye na ufunguo unaotambulika hajibiwi chochote, kwa hiyo anayepekua poti kutoka nje hawezi kujua kama seva ipo.

Hata hivyo ina mapengo, na yanahusu usimamizi hasa. Haina nenosiri la mtumiaji, haina hatua ya pili ya uthibitisho, na funguo zake hazina tarehe ya kwisha. Ufunguo uliosahaulika utafungua mlango mwaka huu, mwakani na mwaka wa kumi. Kwa hiyo taasisi yenye watumishi mia mbili wanaoingia na kutoka ingefaa itumie OpenVPN au IKEv2, pamoja na mfumo unaosimamia akaunti. Kwa saccos yenye vifaa vitano au sita, ambavyo mtu mmoja anavijua kwa majina, nachagua WireGuard, kwa sababu faili lake la usanidi linaweza kusomwa na kueleweka na mtu atakayemrithi fundi wa leo. Na ruta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamezizoea, zinaitumia tangu RouterOS 7.

Usanidi na maana yake

Anza na anwani. Safu za ndani zilizotengwa mwaka 1996 ni 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.0 au 192.168.0.0, na hiki ndicho chanzo cha usumbufu unaowachosha wengi: ofisi ya Moshi na tawi la Rombo zikiwa na safu moja, handaki litasimama, seva itasema iko sawa, na kompyuta hazitaonana. Badilisha mapema. Ipe Moshi safu yake, Rombo yake, Same yake, na handaki safu isiyo ya kawaida, kwa mfano 10.73.20.0/24.

Kisha seva iruhusiwe kupitisha pakiti za wengine. Linux kwa kawaida haifanyi hivyo mpaka iambiwe net.ipv4.ip_forward ni 1, na agizo hilo liandikwe kwenye faili la kudumu. Likitolewa kwa amri ya papo kwa papo, litapotea umeme utakapokatika. Maelekezo mengi yanayozunguka huongeza hapo amri ya kubadilisha anwani, ili kila pakiti inayotoka kwenye seva ionekane imetoka kwa seva yenyewe. Kwa mtu anayetaka kutoka kwenye intaneti, ni lazima. Kwa saccos ni hasara: mkaguzi akifungua kumbukumbu za mfumo wa hesabu, atakuta matawi yote na maafisa wote wana anwani moja. Afadhali ruta ya Moshi ifundishwe njia ya kurudi kwenye kila safu, ili kila muamala ubaki na alama ya ulikotoka.

Mstari mzito kuliko yote katika WireGuard ni AllowedIPs. Unafanya kazi mbili kwa pamoja. Pakiti inapotoka, mstari huu huamua ni ya mwenza yupi. Inapoingia, huamua kama mwenza huyo ana haki ya kutumia anwani aliyoiandika. Kwenye seva, afisa mikopo apewe anwani moja tu yenye /32, na tawi la Rombo lipewe anwani yake ya handaki pamoja na safu ya ofisi yake. Anayenakili 0.0.0.0/0 kwa kila mwenza kwenye seva atashangaa wa mwisho kuandikwa akiwanyang'anya wenzake njia, na atakuwa ametangaza kwamba mwenza huyo anaweza kujifanya yeyote.

Kuingia kwenye handaki pia kusiwe ruhusa ya kuzunguka ofisi nzima. Afisa mikopo anahitaji poti ya mfumo wa hesabu. Hahitaji kamera za ulinzi, printa, wala kompyuta ya mhasibu mkuu. Sheria za ngome ya mtandao zianze kwa kukataa yote, kisha ziruhusu kinachohitajika. Kompyuta ya afisa ikiambukizwa virusi huko kijijini, mipaka hii ndiyo itakayoamua kama ugonjwa utabaki kwake au utafika makao makuu.

Swali la data zote au baadhi hujibiwa upande wa mteja. Ukiandika 0.0.0.0/0 kwenye kompyuta ya afisa, kila anachofanya mtandaoni kitapita Moshi, na bando la ofisi litalipia video zake. Ukiandika safu ya Moshi peke yake, kazi tu ndiyo itakayopita. Kwa matawi nachagua la pili. Kwa afisa anayelala nyumba za wageni na kutumia Wi-Fi asiyoijua, kupitisha vyote kuna sababu, mradi mambo mawili yakumbukwe. Maswali ya DNS yapite handakini, la sivyo mwenye Wi-Fi ataona orodha ya majina ya tovuti. Na IPv6 nayo iingizwe, la sivyo data itatoka kwa mlango wa pembeni. Hata hapo pana mpaka: Mei 2024 watafiti wa Leviathan Security walieleza shambulio la TunnelVision, ambapo mwenye mtandao wa Wi-Fi hutumia chaguo 121 la DHCP kuchepusha pakiti nje ya handaki bila VPN kukatika. Simu za Android hazikuathirika. Kwa kompyuta, kutumia data ya simu yako mwenyewe badala ya Wi-Fi ya ugenini ni kinga nzuri.

Laini za simu zina tabia zake. Ruta za kampuni husahau haraka mawasiliano ya UDP yaliyonyamaza, kwa hiyo mteja aliye nyuma yake aandikiwe PersistentKeepalive ya sekunde 25. Ukubwa wa pakiti nao huleta kitendawili: ujumbe mfupi unapita, ukurasa mkubwa unaganda nusu. WireGuard huanza na 1420, yaani 1500 ukitoa baiti 80 za bahasha ya nje katika hali ya IPv6, lakini laini ikiwa na kiwango kidogo zaidi, shusha mpaka 1380, hata 1280, na tatizo hilo litaisha. Jambo la tatu huwapata wenye ruta zisizo na betri ya saa. WireGuard hukataa salamu yenye muda ulio nyuma ya ule wa salamu iliyotangulia, ili mtu asirudie pakiti ya zamani. Umeme ukikatika na ruta ya tawi ikaamka ikidhani ni miaka iliyopita, handaki halitasimama mpaka saa irekebishwe. Ruta ielekezwe kusoma saa kwenye intaneti ya kawaida, nje ya handaki.

Funguo na daftari lake

Hapa ndipo taasisi nyingi huanguka, na hapa pasiwe pa haraka. Katika WireGuard kila kifaa kina funguo mbili: wa siri, usiopaswa kutoka ndani ya kifaa hicho, na wa hadharani, unaopewa seva. Mazoea mabaya yaliyoenea ni fundi kutengeneza funguo zote kwenye kompyuta yake, kisha kumtumia kila mtu faili lake kwa WhatsApp. Tangu dakika hiyo ufunguo wa siri uko kwenye simu mbili, na pengine kwenye nakala rudufu za simu hizo. Kifaa kijitengenezee ufunguo wake, na kitume ule wa hadharani tu. Huo hata ukibandikwa ukutani hauna madhara.

Kila kifaa kiwe na ufunguo wake peke yake. Ofisi zinazogawana ufunguo mmoja hupata matatizo mawili kwa mpigo. La kiufundi ni kwamba seva hukumbuka mahali pa mwisho alipoonekana mwenza, kwa hiyo vifaa viwili vyenye ufunguo mmoja vitanyang'anyana njia siku nzima. La kiutawala ni zito zaidi: mmoja akiacha kazi, huwezi kumfungia bila kuwafungia wote, na kwa sababu hiyo hafungiwi.

Kuwe na daftari. Liandikwe jina la mwenye kifaa, kifaa chenyewe, ufunguo wa hadharani, anwani ya handaki, tarehe ya kuingizwa na tarehe ya kuondolewa. Mtumishi anayeondoka aondolewe siku hiyohiyo, na kuondolewa kwake kuwe sehemu ya fomu ya makabidhiano pamoja na kitambulisho na funguo za droo. Kila miezi mitatu meneja na fundi walinganishe daftari na orodha iliyo kwenye seva. Amri ya wg show itawaonyesha pia mara ya mwisho kila mwenza aliposalimiana na seva. Mwenza asiyejulikana aondolewe. Aliyekaa kimya miezi aulizwe. Ukaguzi huu hauhitaji nusu saa, na ndio uliokosekana kwenye akaunti ile ya Colonial Pipeline.

Kwa kuwa WireGuard haiulizi nenosiri, kompyuta ikiibiwa ufunguo umeibiwa. Diski ya kila kompyuta ya afisa isimbwe, na maafisa waambiwe kwa msisitizo kwamba kutoa taarifa ya wizi usiku uleule hakutawaletea adhabu. Mtu anayeogopa kukatwa mshahara atasubiri siku tatu akitumaini kuipata, na siku tatu ni nyingi. Mfumo wa hesabu wenyewe ubaki na nenosiri na hatua ya pili ya uthibitisho. VPN isigeuzwe kisingizio cha kuziondoa.

Mlango unahitaji matunzo

Seva ya VPN huwekwa mpakani mwa ofisi na dunia, na ndiyo maana wahalifu huitafuta kwanza. Aprili 2019 kampuni ya Pulse Secure ilitoa marekebisho ya kasoro iliyomwezesha mtu wa nje kusoma mafaili ya seva zake bila nenosiri. Miezi ilipita na seva nyingi hazikuguswa. Kampuni ya kubadilisha fedha ya Travelex ilikuwa imeonywa na watafiti mwezi Septemba kuhusu seva zake. Mkesha wa mwaka mpya wa 2020 ilishambuliwa, na wafanyakazi wake wakahudumia wateja kwa kalamu na karatasi. Januari 2024 ilikuwa zamu ya vifaa vya Ivanti, warithi wa Pulse Secure, na idara ya usalama wa mitandao ya Marekani ikaziamuru ofisi za serikali kuvichomoa kabisa.

Fundisho la matukio hayo ni kwamba bei kubwa ya kifaa hainunui matunzo. Seva ndogo ya Linux inayojisasisha yenyewe kila usiku ni salama kuliko kifaa cha gharama kisichoguswa tangu kifungwe. Washa masasisho ya usalama ya moja kwa moja. Mlango wa fundi wa kuingilia kwenye seva ukubali ufunguo tu na ukatae nenosiri. Handaki likishasimama, mlango huo ufunguliwe kupitia handaki peke yake, huku njia ya dharura ikibaki, ama skrini ya mwenye kituo cha data ama kibodi ya Moshi. Nakala ya faili la usanidi itunzwe ikiwa imesimbwa, mahali ambapo mtu wa pili anaweza kulifikia. Taasisi ambayo seva yake inajulikana na mtu mmoja iko ugonjwa mmoja mbali na kukatika.

Sheria, na kuonekana

Tanzania ina jambo ambalo mwenye seva hapaswi kulipuuza. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza nyenzo za kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyopigwa marufuku, na Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, TCRA, ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa kazi zao wajisajili ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo na kutoa taarifa, zikiwemo anwani za IP. Saccos yetu ijisajili. Haina cha kuficha, na barua ya usajili itamlinda fundi wake siku atakapoulizwa.

Hata hivyo tangazo lile liliweka kapu moja benki inayolinda akiba za wateja na kijana anayetaka kusoma ukurasa uliofungwa, na jambo hilo linastahili kusemwa wazi. Uganda ilipotoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na ilipoifunga Facebook Januari 2021, watu wengi walikimbilia VPN, nyingi za bure. Mtandao wa X ulipofungwa Tanzania Mei 2025, watu walitafuta njia hiyohiyo. Anayefunga mlango wa mbele huwasukuma wananchi mikononi mwa wenye seva wasiojulikana, ambao huona bahasha zote za ndani na hawawajibiki kwa yeyote. Serikali inayojali usalama wa raia wake mtandaoni ingeanza kwa kutofautisha matumizi, na kwa kutowalazimisha watu wa kawaida kuwa wakimbizi wa mtandao. Kwa wasomaji walioko Umoja wa Falme za Kiarabu, sheria ya mwaka 2021 inaweka faini kati ya dirhamu 500,000 na milioni 2 kwa anayetumia anwani ya IP ya bandia kutenda kosa au kulificha. Wasidhani kwamba kila linaloruhusiwa Mombasa linaruhusiwa Dubai.

Wala mtu asidhani VPN humfanya asionekane. Utafiti uliowasilishwa kwenye mkutano wa USENIX mwaka 2022 ulionyesha kwamba mtoa huduma anaweza kutambua sehemu kubwa ya mawasiliano ya OpenVPN, na WireGuard haikukusudia kujificha. Umbo la salamu zake linajulikana. VPN huficha kilichomo. Kuwepo kwake hukuacha wazi.

Maswali ya bodi

Kuna ofisi ambazo hazihitaji seva hii kabisa. Ikiwa mfumo wa hesabu uko kwenye tovuti iliyosimbwa vizuri, yenye hatua mbili za uthibitisho, handaki litaongeza kazi kuliko usalama. Kuna pia huduma kama Tailscale, inayotumia WireGuard na kuvuka ukuta wa laini za simu bila anwani ya kudumu. Wepesi wake ni wa kweli, na gharama yake ni kwamba kampuni ya nje ndiyo inayoratibu orodha ya vifaa vyako. Ni biashara ileile ya imani, kwa sura nyingine.

Kwa wanaoihitaji, uamuzi usiachiwe fundi. Fundi anaweza kusimika WireGuard kati ya Moshi, Rombo na Same kwa mchana mmoja. Hawezi kuamua peke yake taarifa za wanachama zipite nchi gani, nani aondolewe leo jioni, au nani atashika seva akiugua. Hayo ni ya meneja na bodi, kwa sababu akiba zilizo nyuma ya seva ile ni ada za shule na mitaji ya watu waliowaamini. Kabla ya shilingi ya kwanza kutumika, bodi iulize nani anashika daftari la funguo, nani analikagua na lini, na masasisho yanawekwa na nani. Chama kisicho na majina ya watu kwa kila moja ya maswali hayo kisifungue seva bado.